Picha ya Kyungu, Sauti ya Kabange

Juzi nilipeleka redio ya mume wangu kwa fundi aliye nyuma ya soko letu hapa Kamina. Kabla sijamaliza kumsalimia, aliwasha televisheni moja ya zamani, ile yenye kisogo kirefu, ili aijaribu, na harufu ikanijia puani: vumbi linaloungua taratibu ndani ya mashine. Ninyi wa rika langu mnaijua harufu hiyo. Wanangu hawaijui, maana simu zao hazinuki chochote. Fundi aliniuliza redio yangu ina ugonjwa gani, nami nikamjibu, "Haina picha." Akaniuliza kwa upole kama nimekunywa chai asubuhi.

Akili yangu ilikuwa imeshakimbilia kwenye kambi ya wafanyakazi wa reli nilikokulia, kwenye zile nyumba za matofali zilizopangwa mstari, ambako ukikaanga samaki wa Bukama, jirani wa nyumba ya mwisho anakumbuka ghafla kuja kukujulia hali. Ukuta wa nyumba yetu ulikuwa pia ukuta wa nyumba ya Kyungu na Kabange, mapacha, wasichana wawili walionizidi mwaka mmoja na ambao bila wao sijui utoto wangu ungekuwa na nini ndani yake.

Kwetu Waluba majina ya mapacha hayatafutwi. Anayetangulia kuzaliwa ni Kyungu, anayefuata ni Kabange, basi. Na wakishaingia, nyumba inapata sheria mpya: ukimpa mmoja, mpe na mwenzake, kitu kilekile, siku ileile. Pacha aliyenyimwa hukasirika, na akikasirika sana anaweza kurudi huko alikotoka. Ndivyo wakubwa walivyosema, na sheria hiyo ilifuatwa hata kwenye adhabu. Kyungu akivunja sahani, mama yao alimchapa, kisha akaenda kumtafuta Kabange, aliyekuwa amejikalia zake akisuka mtoto wa majani ya mahindi, akamgonga kidogo begani ili asijione amesahauliwa.

Mlinzi mkuu wa sheria hiyo alikuwa nkambo, bibi yao mzaa baba, aliyetoka kijiji kimoja cha upande wa Kabondo-Dianda. Nkambo alikuwa Mkatoliki wa misa ya kwanza, hakosi hata mvua ikinyesha. Shingoni alikuwa na rozari, na kwenye pindo la kitenge chake alifunga donge la pemba, ule udongo mweupe wa baraka. Sikuwahi kumwona akichanganyikiwa kati ya hivyo viwili. Kila kimoja alikijulia saa yake.

Wa nne wetu alikuwa Bijou. Baba yake alikuwa askari, ajida kule Base, kambi ya jeshi, na mama yake alipanga chumba kwenye mstari wetu ili awe karibu na soko. Bijou alizaliwa mkoa wa Ikweta, akatambaa Kinshasa, akaota meno Kisangani, na sombe yetu, majani ya muhogo, aliita pondu mpaka siku ya mwisho. Jambo kubwa ni kwamba alikuwa amekwisha kuona televisheni, mara nyingi, nyumbani kwa watu mbalimbali. Sisi watatu tulikuwa tumeiona kwa kupita tu, dirishani kwa watu. Basi jioni, tukiwa tumekaa kwenye kizingiti cha saruji nyuma ya nyumba ya mapacha, tukichambua majani ya sombe ya mama zetu, Bijou ndiye aliyekuwa mwalimu.

"Juu ya nini kipa anavaaka ganti?" niliuliza siku moja, habari ya zile glavu za mikononi.

"Anaogopa baridi," Kyungu akasema. "Yeye hakimbie, anasimama tu."

"Hapana," Kabange akasema. "Mupira ya kule iko na mafuta. Inatelezaka."

Bijou alicheka mpaka akamwaga majani. "Mafuta ya nini! Banamupigia ndembo kwa nguvu, mikono inamuuma. Mi niliona kwa télé, Kisangani."

"Weye unaonaka yote Kisangani," Kabange akamjibu, na hapo tulihamia kwenye habari nyingine: kwa nini mama fulani kwenye filamu analala na rangi mdomoni, na kama mumewe halalamiki mito kuchafuka, na nani kati yetu ataolewa na dereva wa treni. Tulizungumza hivyo kila siku, mambo yasiyo na kichwa wala miguu, na nilidhani dunia nzima inakaa hivyo jioni.

Kisha ikaja siku ya kutangaza matokeo ya shule. Mnajua siku hiyo ilivyokuwa. Akina mama wanakuja na kopo la poda, mkurugenzi wa shule anasoma majina ya waliopita, mtoto anatoka mbio mstarini, na mama yake anammwagia poda kichwani mpaka kope zinakuwa nyeupe. Mama wa mapacha alikuja na kopo moja kubwa. Jina la Kyungu likasomwa, tukapiga vigelegele, poda ikamwagwa. Majina yakaendelea, yakaisha, mkurugenzi akakunja karatasi. Kabange hakuitwa.

Mama yao alisimama pale na nusu ya poda mkononi. Sheria haikusema "kama naye amepita." Basi alimvuta Kabange karibu, akamwagia na yeye, kiasi kilekile. Njiani kurudi nyumbani watoto wa mitaa mingine walimwuliza Kabange amepata ngapi kwa mia, naye alikuwa mweupe toka nywele hadi mabega, na hakujibu. Mmoja wao aliyejua akapaza sauti, "Angalia! Poda ya kudubula!" Kudubula ni kurudia darasa, na njia nzima ikacheka. Tulipofika kambini Kabange alikwenda moja kwa moja bombani, akaweka kichwa chini ya maji akakaa hapo muda mrefu.

Mimi, kwa akili yangu ya wakati huo, sikuona tatizo. Kwangu poda ilikuwa poda. Tena niseme kweli, nilifurahi, maana Kabange kurudia darasa maana yake ni kwamba angekuwa darasa langu, na nilikwisha kumwekea nafasi kwenye benchi moyoni mwangu.

Tangu siku hiyo Kabange hakusema tena na Kyungu. Hakumtukana, hakumsukuma, walilala kitanda kimoja kama kawaida. Aliacha tu kusema naye. Na kwa kuwa watu wawili wa nyumba moja hawawezi kuishi bila kuulizana sabuni iko wapi, kazi ikaniangukia mimi.

"Umuambie Kyungu anipatie sabuni," Kabange alikuwa akisema, Kyungu akiwa amesimama hapo hapo, sabuni mkononi.

"Kyungu, anasema umupatie sabuni."

"Umuambie achukue."

"Anasema uchukue."

Nilikuwa kama posta. Mwanzoni nilijivuna, kisha nikachoka, kisha nikaanza kuogopa, kwa sababu Kabange alianza kuacha chakula. Bukari, ugali wetu, aliichovya mara mbili, akanawa. Nkambo alimtazama akinawa, na jicho lake lilinitisha zaidi.

Hapo ndipo mjomba wao alipotelemka kwenye treni ya Lubumbashi na katoni kubwa kichwani mwa mpagazi. Majirani wote walikuwa uani kabla hajapewa kiti. Akafuta jasho shingoni, akaweka mkono juu ya katoni, na kwa furaha ya mtu aliyebeba zawadi toka mbali akatangaza, "Hii télé njo kado ya Kyungu! Sababu alipita bien!"

Watu wakapiga makofi, kisha makofi yakapungua, maana nkambo alikuwa ameinuka.

"Na ya Kabange iko wapi?"

"Ah, mama," mjomba akacheka, "ni télé ya nyumba muzima. Bote batatazama."

"Ulitaja jina ya nani?"

"Ya Kyungu, mais..."

"Kama ulisema ni ya nyumba, ingekuwa ya nyumba, na sisi tungeshukuru. Weye ulisema jina mbele ya bantu. Sasa iko ya Kyungu. Na ya Kabange iko wapi?"

Mjomba alitazama huku na huku akitafuta wa kumsaidia. Baba wa mapacha, fundi wa treni, ambaye tayari alikuwa akiwaza betri gani ya karakana ataiomba, maana nyumba zetu hazikuwa na umeme, aliangalia viatu vyake. Nkambo ni mama yake mzazi, angesema nini?

"Nitaleta ingine," mjomba akasema mwishowe.

"Lete. Hii itangoja mwenzake."

Na ikangoja. Iliwekwa sebuleni ndani ya katoni yake, ikafunikwa kitambaa cha kufumwa, na juu ya kitambaa Bikira Maria wa plastiki. Mjomba alirudi Lubumbashi na televisheni ya pili ikawa habari ya "mwezi ujao." Baba wa mapacha akitoka kazini alikuwa akipita mbele ya katoni akishusha pumzi, kama mtu anayepita mbele ya baa siku ya kwaresima.

Sisi watoto hatukuweza kukaa mbali. Tulihamisha mazungumzo yetu toka kizingitini hadi sebuleni, tukakaa mkekani tukielekea katoni. Bijou alichora dirisha kwa mkaa upande wa mbele, na kila jioni alitusimulia kilichokuwamo: mechi, filamu ya mfululizo, habari za mvua huko Ulaya. Kabange hakukaa nasi mkekani. Alikaa mlangoni, mgongo kwetu, akijifanya anatazama kuku. Lakini sikio lake lilikuwa ndani.

"Bijou," alisema siku moja bila kugeuka, "ule mwanaume ulimuzika jana. Leo anaoa namna gani?"

Bijou alifikiri. "Ni pacha yake," akasema.

Kuna jambo moja mimi peke yangu nililijua, au nilidhani nalijua. Niliamini kwamba televisheni ile ikifunguliwa hata kidogo kabla mwenzake hajafika, Kabange atakufa palepale. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nililiunganisha mwenyewe kutokana na maneno ya wakubwa. Siku panya alipotafuna pembe ya katoni, nilitoka mbio kwenda kumtafuta Kabange. Nilimkuta nyuma ya nyumba anakula muhindi wa kuchoma. Nilikaa karibu naye mpaka alipoumaliza, nikihesabu kila alipomeza kuwa ni ushindi.

Shule ilipofunguliwa Kabange alikaa benchi langu, kama nilivyoota, na haikuwa tamu kama nilivyoota. Alikuwa akitazama dirishani upande wa darasa la dada yake. Mvua za kwanza zikaja, na pamoja nazo homa. Kabange alilala kitandani akitetemeka chini ya vitenge vyote vya nyumba. Mama yake alimpeleka dispensari, wakapewa vidonge. Lakini jioni, kupitia ule ukuta wetu mmoja, nilimsikia nkambo akisema kwa sauti ya chini:

"Huyu mutoto anataka kurudia kule alitoka."

Kyungu naye alisikia. Alinijia uani kwetu, bila viatu kwenye matope, macho mekundu. "Uende umuambie Kabange, mi namupatia télé. Yote. Mi sitaki kitu."

Nikapeleka. Kabange alikuwa amegeukia ukuta. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Umuambie sitaki kado ya kunihurumia," akasema. "Balinimwangia poda, inatosha."

Nilidhani ni homa inayozungumza. Ilipita miaka mingi, sote wawili tukiwa na watoto wetu wenyewe, ndipo Kabange aliponieleza. Televisheni haikumuuma hata kidogo, alisema. Kilichomuuma ni kutembea njia ile yote akiwa mweupe kwa kitu ambacho hakukipata. Mama yake alimpenda kwa namna ya sheria, na sheria ikamvua nguo mbele ya watu. Na Kyungu, aliyekuwa akitembea pembeni yake, alikuwa amefurahi mno hata hakugeuka kumtazama. Hilo ndilo lililomfunga mdomo.

Siku ile nilirudi kwa Kyungu na jibu nusunusu. Alilia, akapangusa kamasi, akakaa akiwaza. Kisha akainuka akaenda kwa nkambo aliyekuwa jikoni, mimi na Bijou tukimfuata.

"Nkambo, télé iko na bintu mbili ndani. Iko picha, iko sauti. Mi nabakia na picha. Sauti iwe ya Kabange."

Nkambo hakucheka. Aliweka mwiko chini. "Weye unajua hii mambo," akamwambia Bijou. "Sauti inaweza kukaa yenyewe, bila picha?"

"Ndiyo, nkambo. Redio njo sauti bila picha."

"Na picha inaweza kukaa bila sauti?"

Bijou akatafuta. "Foto!"

"Basi ni bintu mbili kweli," nkambo akasema, na sijawahi kuona hakimu aliyekata kesi kwa utulivu kama ule. Alifungua pindo la kitenge chake, akalowesha pemba kwa mate, akaenda sebuleni. Katoni ikafunguliwa. Nilishika mkono wa Bijou nikafumba macho. Nkambo akachora mstari mweupe juu ya kioo, akasema, "Ya Kyungu." Akachora mwingine kwenye vitundu vya spika ubavuni, akasema, "Ya Kabange." Kisha akaenda chumbani akampaka mgonjwa pemba kwenye paji la uso, akamwambia kwa Kiluba kwamba kitu chake kimefika.

Homa ilishuka baada ya siku chache. Vidonge vya dispensari havikupata shukrani yoyote toka kwangu. Kwa miaka niliamini Kabange aliponywa na spika.

Baba yao alileta betri siku ileile mistari ilipochorwa, antena ikapandishwa juu ya mwanzi, na hatimaye ile harufu ya vumbi linaloungua ikajaa sebuleni. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, yenye chenga nyingi, na kwetu ilikuwa nzuri kupita kiasi. Kyungu alikaa katikati ya mkeka kama mwenye shamba. Alikuwa ameamini kwamba amebaki na sehemu nono. Sote tuliamini hivyo. Kabange alikuja amejifunika kitenge, akakaa ubavuni mwa televisheni, mahali ambapo picha yenyewe hakuiona vizuri, na mkono wake ukafika kwenye kifungo.

Haikuchukua muda tukajua nani mwenye nguvu. Mtu akimwudhi Kabange, kifungo kinageuka, na yule mama wa filamu anabaki akifumbua mdomo kama samaki ndani ya beseni. Baba yake mwenyewe alilazimika kusema tafadhali ili asikie habari. Nkambo alikubali yote: "Ni kitu yake." Naye nkambo alikuwa mtazamaji wa aina yake. Mchezaji akiangushwa, alidai wampe maji. Mchezaji akitolewa kabla ya mwisho, alisikitika sana. "Bamemufukuza mutoto wa bantu mu kazi," alikuwa akisema, "na hawamuelezee hata makosa yake."

Niwaambie ukweli: jioni zilizonyamazishwa ndizo zilizokuwa tamu zaidi. Picha ikikimbia bila sauti, tuliijaza wenyewe. Bijou alitangaza mpira kwa Kilingala, Kifaransa na kitu cha tatu alichokibuni. Mimi nilikuwa sauti ya mwanamke aliyeachwa. Waigizaji wale waliovaa koti na tai tuliwafanya wagombane juu ya ndoo bombani na bei ya mkaa, na kuna bwana mmoja mwenye masharubu aliyekuwa, kwa maneno yetu, anamwomba mkewe ruhusa ya kwenda kununua dagaa. Tulicheka mpaka tukalaliana. Hata Kabange alicheka, akijificha mdomo na kitenge.

Lakini hakusema na Kyungu. Kitu kiligawanywa sawasawa, mstari huku mstari kule, na wao wenyewe wakabaki wamegawanyika hivyohivyo. "Umuambie Kyungu asogee, anafunika mwangaza." "Umuambie Kabange aongeze kidogo." Alikuwa amerudi kula, hilo lilikuwa jema. Bado nkambo alikuwa akimtazama kwa jicho lile, na mimi bado nililala nikisikiliza ukutani kama watu wawili wanapumua au mmoja.

Ikafika Jumapili ya mechi kubwa, timu ya nchi yetu dhidi ya nchi jirani. Baada ya misa kambi nzima ilihamia kwa mapacha. Wakubwa walikaa kwenye viti walivyokuja navyo, vijana madirishani, sisi wanne mbele kabisa. Mama wa Bijou alileta karanga. Kabange alikuwa mahali pake ubavuni, kifungo chini ya vidole, na siku hiyo sauti aliiachia yote, hata kuku walikimbia uani. Kipindi cha kwanza hakuna aliyefunga. Cha pili tukaanza kuwakaba, mpira ukawa upande wao tu, watu wakawa wamesimama, na yule mtangazaji akaanza kupanda sauti, jina kwa jina, pasi kwa pasi.

Picha ikashtuka. Ikajikunja toka juu na toka chini, ikabaki mstari mmoja mweupe katikati ya kioo.

Baba wa mapacha alipiga kisogo cha mashine kwa kiganja. Akatikisa waya. Kijana mmoja akakimbia kuzungusha mwanzi. Mstari ulikaa vilevile, na hakuna aliyekuwa na shaka kwamba umekuja kukaa. Mtangazaji naye hakujua lolote. Aliendelea kupiga kelele kwa Kifaransa kama kawaida.

"Si kitu!" jirani mmoja akasema. "Sauti inabakia! Kabange, ongeza, mama, ongeza!"

"Ongeza, Kabange!"

Kwa mara ya kwanza kila kichwa cha kambi kilimgeukia yeye. Kitu chote sasa kilikuwa chake. Kyungu, aliyepita darasa, alikuwa amekaa katikati ya mkeka, mbele ya kioo kilichokufa chenye mstari wake wa pemba, na sijui alikuwa anafikiri nini. Alikuwa anatazama mikono yake. Nilimtazama Kabange nikasema moyoni, sasa ndiyo siku yake. Nilimtakia hivyo, jamani. Nilitaka aongeze mpaka spika ipasuke.

Kabange alimtazama dada yake. Alimtazama hivyo, moja kwa moja, muda mrefu kiasi kwamba watu wakaanza kupaza sauti. Kisha akageuza kifungo, na mtangazaji akakatika katikati ya jina la mtu.

Mngesikia kelele zile! Baba yao aliinuka. "Kabange! Unafanya nini? Ongeza!"

"Yake imekufa, papa," Kabange akasema. Mkono wake haukuondoka kifungoni. "Mi sitaki yangu ibakie yenyewe."

Baba alipiga hatua. Nkambo akamshika suruali toka kwenye kigoda chake. "Muache," akasema, na nikaona machozi yanamtelemka yule bibi mkali, hata hakujisumbua kuyafuta. "Hakuna muntu alimutuma. Leo amegawa mwenyewe. Muache."

Watu walitoka wakilalamika na viti vyao kichwani, wakikimbilia redio ya nyumba ya tatu. Baba yao naye aliwafuata, mbio kidogo, akijifanya anawasindikiza. Sebule ikawa yetu sisi wanne na nkambo, maganda ya karanga chini, na ule mstari mweupe unaong'aa peke yake.  

"Nani iko na mupira?" Kyungu akauliza, macho yake kwenye mstari.

Niligeuka haraka ili nipeleke swali. Kabange alikuwa ameshaacha kifungo na kuja mkekani.

"Namba saba," akasema. "Anapitia upande ya dirisha. Unamuona?"

"Namuona. Anapiga?"

"Ngoja kwanza, Kyungu. Kipa yao iko anafunga kiatu. Tumungoje."

Wakamngoja, bega kwa bega, na mimi nilibaki nimefumbua mdomo wangu mtupu. Hakuna aliyekuwa akinihitaji, na sijawahi kufurahi hivyo kufukuzwa kazi.